Malale Yaliponiangusha Farasini

Nakuandikia wewe uliyeambiwa juzi kwamba una malale, na wewe mama yake uliyekaa kwenye benchi la nje unajifuta macho kwa pindo la kanga ukidhani hatuoni. Tunaona. Mimi si daktari. Niliishia kidato cha nne, na matokeo yangu hakuna aliyeyabandika ukutani. Ila kitanda hicho nimekilalia, godoro lake lenye bonde katikati nalijua, na leo naandika nikiwa nimekaa wima, kalamu mkononi, mkono unatetemeka kidogo tu. Nitakueleza kama nilivyotamani kuelezwa mimi. Sitakudanganya kuwa ni rahisi.

Naitwa Kabula, mzaliwa wa Kwihara, nje ya Tabora mjini. Wageni huja kwetu kuangalia tembe la enzi za misafara, wanapiga picha, wanaondoka. Sisi tunaendelea na karanga zetu. Kazi yangu ilikuwa farasi. Najua umecheka. Farasi, Tabora? Wapo. Mzee Nassor, ambaye ukoo wake wa Kiarabu uko mjini tangu biashara ya pembe, alipochoka na duka la vipuri aliwaleta farasi watatu kwa lori kutoka Arusha, akawajengea zizi karibu na kwetu. Aliwakodisha kwa maharusi wanaotaka picha. Ndoto yake kubwa ilikuwa wageni wapande farasi wafuate ile njia ya misafara kuelekea magharibi, na ndoto hiyo mimi nilimwibia nikaifanya yangu. Niliingia kwa kuzoa mavi na kuchota maji. Mwaka uliofuata nilikuwa juu ya Mtemi, dume la kijivu lenye miguu mirefu, na nilikuwa nalala usiku najiona natangulia mbele ya wageni mpaka Ujiji.

Aliyenifundisha ni Mzee Ndahani, mtunza farasi, Mgogo wa Dodoma. Lazima nikueleze habari ya utani, maana ugonjwa wangu umepita humo. Babu zetu Wanyamwezi walikuwa wakipita Ugogo na mizigo kichwani kwenda pwani, Wagogo wanawasimamisha, wanataka hongo ndipo wapite. Ugomvi ule ukaja kuwa utani, na mpaka leo Mgogo na Mnyamwezi wakikutana ni kutukanana kwa mapenzi. Mzee Ndahani alikuwa akisimama kwenye mlango wa zizi na ufagio kama mkuki.

"Simama! Hapa ni Ugogo. Hongo iko wapi?"

"Sina, mzee. Nina kiazi kimoja."

"Leta. Na shikamoo yako niongezee juu."

"Shikamoo."

"Marahaba, mchukuzi wa mizigo. Pita."

Sasa habari ya mwendo wenyewe. Farasi akiacha kutembea, kabla hajakimbia, ana mwendo wa kudunda, mguu wa mbele wa kulia unakwenda na wa nyuma wa kushoto, halafu wanabadilishana. Jina lake la zamani, lile Mzee Nassor alilitamka bila aibu, ni matiti. Mimi msichana siwezi kupita kijijini nikitangaza kwamba leo nimekwenda matiti makubwa. Kwa hiyo zizini tulisema tu ndogo na kubwa. Ndogo inakutikisa kama pikipiki kwenye changarawe, unazoea. Kubwa ni kitu kingine. Farasi anarefusha hatua, mgongo unakunyanyua kama mtu anayepeta mahindi kwenye ungo, na ukishuka vibaya mara moja, mara inayofuata unashuka vibaya zaidi, mpaka unakuta uso wako uko kwenye mchanga. Kila kitu mwilini kinakwambia bana magoti. Ukibana, umekwisha: unaruka juu kama kokwa la embe lililobanwa vidoleni.

Nilianguka mpaka nikawa na rangi mbili, yangu na ya michubuko. Siku moja Mzee Ndahani akanishika buti.

"Wewe ukitoka kisimani na ndoo kichwani, unaikaza shingo?"

"Hapana."

"Unaangalia miguu?"

"Naangalia mbele."

"Na kiuno?"

"Kinacheza chenyewe."

"Basi huko juu fanya hivyo hivyo. Ila safari hii ndoo ni wewe."

Nikaelewa. Nikaangalia mbali, kati ya masikio ya Mtemi, nikaacha kiuno kifanye kazi yake, uzito nikautelemsha kwenye visigino. Mtemi akatia kubwa kutoka zizini mpaka kwenye uzio wa miiba nami nimekaa. Nilikaa! Nilicheka peke yangu kama kichaa. Tangu siku hiyo hakuna kitu duniani nilichokijali kama kukaa juu ya kubwa, na ndicho ugonjwa ulichokuja kukichukua.

Kiangazi kilipokuwa kinaishia, kabla ya mvua, Mzee Nassor alitutuma mimi na Mzee Ndahani tuipime njia. Mimi juu ya Mtemi, yeye juu ya jike liitwalo Nyota. Tulipita mashamba ya tumbaku upande wa Urambo, tukaingia msituni ambako hakuna mtu ila warina asali. Huko kuna mbung'o. Kama hujawahi kung'atwa na mbung'o, chukua sindano ya kushonea magunia. Waliwang'ata farasi tumboni, wakanipata mimi shingoni kupitia kola. Tukawafukuza kwa matawi, tukatukana, tukaendelea. Tuliporudi nilikuwa na uvimbe mwekundu shingoni, nikaupaka mafuta ya mawese aliyonipa mama, ukapoa.

Halafu homa. Nilikunywa dawa za malaria kama kila mtu wa Tabora anavyofanya akisikia baridi mchana. Homa ikaenda, ikarudi, ikaenda. Mvua za kwanza zilipopiga na uyoga ukaanza kuuzwa barabarani, mimi nilikuwa nalala. Nalala nikipiga brashi, nimeegemea ubavu wa Mtemi. Nalala kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni. Usiku macho makavu, mchana mzito kama mtu aliyelishwa udongo. Mama alianza kuninunia. Alikuwa mjane, sisi ni wawili nyumbani, na jembe lilikuwa likimngoja yeye peke yake.

"Kabula, hiyo kazi ya kukalia mnyama imekufundisha kukaa tu," alisema.

Na Mzee Ndahani je? Alifanya sherehe. Alinikuta nimelala juu ya majani makavu akaita watu wote wa zizini.

"Njooni muone! Mnyamwezi ana malale! Mleteeni jeneza ajaribu kama linamtosha!"

Watu walicheka. Nilicheka na mimi, nikalala tena. Kila siku ilikuwa hivyo: "Malale, umeamka?" "Malale, nikuagizie sanda ya maua?" Alimfuata mpaka mama yangu shambani, akimwita mkwe kwa utani. "Mkwe, binti yako ana malale, nipe mimi nimzike mapema nipate nyama ya matanga." Mama alimrushia gunzi la hindi, wakacheka wote wawili. Tangu utoto kwetu mtoto akisinzia darasani anaitwa malale. Ni neno la kutania. Na likitoka mdomoni mwa mtani, nani alipeleke hospitali? Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa la watu wa kwetu hasa: ugonjwa wangu ulitajwa kwa jina lake halisi kila asubuhi, kwa sauti kubwa, na kila asubuhi tuliupokea kwa kicheko. Yeye mwenyewe hakujua. Alikuwa anatania tu.

Kabla ya Krismasi alikuja mgeni wa Mzee Nassor, mtu ambaye angeleta watalii. Nikaambiwa nimwonyeshe kubwa ya Mtemi. Nataka uelewe jambo hili: siku hiyo nilikaa vizuri. Kiuno kilikuwa laini, macho mbele, nilisikia kwato zinapiga pamoja, pu, pu, pu, na mwili wangu ukawa unaelea. Ule mdundo ulinibembeleza. Nikalala. Nikalala kwenye kubwa, macho wazi walisema, mpaka farasi alipokata kona na mimi sikuikata.

Nilizindukia kwenye benchi la hospitali mjini, mchanga mdomoni, kichwa changu kwenye mapaja ya mama. Hilo benchi ndilo la kwanza katika mengi. Nakushauri: beba kanga ya kukalia, beba maji, na usikae karibu na mlango maana kila anayepita anakugonga magoti. Tulikaa mpaka jua likahamia upande wa pili wa ukuta. Daktari alikuwa kijana mpole. Alinipapasa nyuma ya shingo, akakuta vinundu. Akaniuliza kama nilikwenda porini. Akanitoa damu, akaenda, akarudi akiwa ametulia sana.

"Mama, binti yako ana malale."

Mama alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Daktari, kwani na wewe ni Mgogo?"

"Hapana, mama. Mimi Mhaya."

"Wahaya hatuna utani nao."

"Sitanii, mama."

Mama akaanza kucheka, kicheko cha kufoka, kikageuka kilio kabla hajakimaliza. Mimi niliuliza swali moja tu, la kijinga, lakini ndilo nililokuwa nalo: "Nitapanda tena farasi?"

Daktari akaniambia, "Kwanza tuone kama utaweza kukaa kitandani bila kushikwa."

Walinipeleka magharibi, kwenye hospitali wanakowalaza wenye malale. Huko walinitoa maji ya uti wa mgongo. Wanakukunja kama mtoto aliye tumboni, goti kwenye kidevu, wanakwambia usitikisike. Muuguzi mmoja mnene, mwenye mikono ya joto, alisimama mbele yangu akanipa aproni yake niikamate. Niliikamata mpaka ikachanika mfuko. Majibu yakaja kwamba vijidudu vimeshaingia kichwani. Daktari wa kule akamwambia mama waziwazi kuwa kuna dawa, ni kali, inaponya wengi, lakini kuna wengine dawa yenyewe huwaondoa. Bila dawa hakuna anayebaki. Mama akakubali. Aliporudi kwenye benchi alikuwa amezeeka.

Awamu ya kwanza ya sindano ilianza wakati mvua zinanyesha kwelikweli na bati la wodi halisikilizani na mtu. Dawa inaingia kwenye mshipa kama pilipili iliyochemshwa. Unaifuata inavyopanda mkononi, kiwiko, bega, halafu kifua kinabana na kikohozi kinakuja. Yule muuguzi alisema, "Usiuangalie mkono. Niangalie mimi. Wataje farasi zako." Nikawataja: Mtemi, Nyota, Dalali. Walikuwa watatu tu, nikawataja tena na tena mpaka sindano ikaisha. Mshipa ule ukawa mgumu kama waya wa baiskeli, wakahamia mkono mwingine.

Mwili wangu ulibadilika nikiuangalia. Uso ulivimba, miguu ikakonda. Vidole vilitetemeka hata uji ukawa unafika mdomoni nusu. Nyayo zikawa kama nimevaa soksi nene ambazo haziondoki. Nikisimama, sakafu inainama kushoto, daima kushoto, nami naifuata. Nilijaribu kwenda chooni peke yangu nikaangukia kitanda cha bibi mmoja, maskini, akadhani ni mwizi. Mimi niliyekaa juu ya kubwa bila kushika kitu! Nilikuwa nalala pale nikijaribu kukumbuka kiuno kilikuwa kinafanyaje, na kiuno hakikujibu.

Na wewe mama, sikiliza hili. Ugonjwa huu unasema maneno kwa mdomo wa mtoto wako. Mimi nilimwita mama mchawi. Nilimwambia atoke, simtaki, ananuka. Sikumbuki hata neno moja, nimesimuliwa. Mama alitoka, akakaa nje kwenye mvua, akarudi na uji. Mtoto wako akifanya hivyo, toka, lia, rudi na uji. Siye yeye.

Nje, kwenye banda la kupikia la wanaouguza wagonjwa, mama alipata rafiki. Alikuwa Mama Nestori, mwanamke mwenye asili ya Burundi kutoka Ulyankulu, rozari shingoni wakati wote. Mwanawe Nestori alikuwa mrina asali, amelazwa wodi ya wanaume, yuko awamu moja mbele yangu. Wakawa wanapika chungu kimoja: maharage ya Mama Nestori, michembe ya mama, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Mama yangu ni Mmoravian, hajui rozari, lakini jioni nilimsikia anaitikia. Nestori alikuwa akiletwa kwenye baraza la wodi yetu kuota jua, kijana mwenye mabega mapana, anajua kutania.

"Wewe wa farasi," aliniambia, "ukipona utanipandisha?"

"Wewe mzito. Utamvunja mgongo."

"Sasa hivi mimi ni mwepesi. Nipandishe sasa hivi."

Katika awamu yake ya pili, asubuhi tu, alianza kutupa mikono na miguu. Tulisikia watu wakikimbia kwenye korido. Walimfanyia kila walichoweza. Mchana wake Mama Nestori alikuja kwenye kitanda changu, macho makavu, amebeba mfuko wa maharage yaliyobaki. Akamkabidhi mama.

"Wako bado anakula," alisema. "Mpe haya."

Mama alipiga magoti kuupokea. Mimi nilikuwa naingia awamu ya pili keshokutwa yake.

Sitakueleza awamu ya pili. Niliimaliza, hilo tu. Nilikula maharage yale.

Mzee Ndahani alikuja siku moja, kati ya awamu ya pili na ya tatu, amevaa shati la kwendea kanisani, kofia mkononi. Nilimwona kutoka mbali nikafurahi mpaka machozi. Nikajikaza nikamwita: "Simama hapo! Hapa Unyamwezi. Hongo iko wapi?"

Alifika, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema, "Pole sana, mwanangu."

Nakwambia, sindano zote hazikunitisha kama ile pole. Kwetu mtani anakuja hata msibani, anajilaza kaburini anadai kwamba marehemu alimkopa mbuzi, watu wanacheka katikati ya kilio. Mtani akikuta mgonjwa akashindwa kumtania, mgonjwa huyo anajua kifo kiko karibu. Nilimshika mkono nikamwambia, "Mzee, nitukane." Akatikisa kichwa.

Mama aliingia na bakuli. Alipomwona akalitua mezani kwa kishindo.

"Umekuja kumalizia?"

"Mama Kabula, nilikuwa natania. Naapa, nilikuwa natania."

"Uliuita ugonjwa kila siku. Nao ukasikia. Ukaja. Ondoka na ulimi wako, na hao farasi wenu walionilia mwanangu mwambie tajiri wako awachinje."

Mzee Ndahani alisimama. Mlangoni akageuka, akaniambia kwa sauti ndogo kuwa Nyota amekufa, kwa ugonjwa wa mbung'o huohuo. Mtemi walimwahi na sindano, yuko hai, amekonda. Halafu akaenda zake. Sikulia mbele ya mama. Katika nyumba yetu habari ya farasi ilikuwa imekatazwa, na wodi ile ndiyo ilikuwa nyumba yetu.

Awamu ya tatu iliisha mahindi mabichi yakiwa yanachomwa barabarani. Walinitoa tena maji ya mgongo, wakanitazama, wakaniambia nirudi kupimwa kila baada ya miezi kadhaa, nikaruhusiwa. Muuguzi mwenye mikono ya joto alinifunga kilemba vizuri maana nywele zilikuwa zimetoka mafungu. Nilitoka nje nimemshika mama bega, natembea kama mlevi wa asubuhi, jua likanipiga, nikasema kimoyomoyo: sawa.

Nyumbani ndipo nilipojua kwamba kupona na kurudi ni vitu viwili. Usingizi ulirudi mahali pake, homa ikaondoka, vijidudu havionekani. Lakini sakafu iliendelea kuinama kushoto. Nilijitwisha ndoo kisimani, nusu ndoo, nikapiga hatua kidogo, maji yote yakaniosha na ndoo ikabingirika mpaka kwa wanawake waliokuwa wanafua. Hakuna aliyecheka. Hilo lilinichoma, maana zamani wangecheka. Mama akaichukua ndoo, akaijaza, akajitwisha yeye.

Kwa hiyo nilianza nikiwa nimekaa. Hili nakushauri na wewe, kama miguu inakukatalia: anza umekaa. Nilikaa kwenye kigoda na sufuria tupu kichwani, naangalia mbali, kwenye ncha ya mti, nahesabu pumzi. Sufuria ikianguka naiokota. Baadaye na maji kidogo. Baadaye nimesimama, mgongo karibu na ukuta. Kila siku mama alipita na jembe, akaiona sufuria inaanguka, akaenda zake shambani. Alijua ninajifunzia nini. Sufuria haikumdanganya.

Mvua zikakata, karanga zikang'olewa, kipupwe kikaja na vumbi lake. Siku moja nilimwambia mama ninakwenda zizini. Aliendelea kumenya karanga. "Nenda," alisema, "kama miguu ni yako." Nikaenda, na fimbo.

Mtemi alinisikia kabla hajaniona. Alikuwa mbavu tupu, manyoya yamefifia, lakini alitia pua yake kwenye kwapa langu pale anapoitia siku zote. Mzee Ndahani alikuwa amesimama mbali, ufagio mkononi, hajui aanze wapi. Niliendelea kumngoja mpaka akakohoa.

"Umekonda," alisema. "Zamani Wagogo tulitoza hongo kwa mzigo. Sasa wewe huna hata mzigo wa kutozwa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Na yeye akakaa chini, akajifunika uso kwa kofia.

Alinipandisha kwa ngazi ya kuanikia tumbaku. Tulianza kwa kutembea, yeye ameshika kamba ndefu. Juu ya farasi nako dunia iliinama kushoto. Tulirudia siku nyingi, kipupwe chote. Tukafika ndogo, nikaanguka, tukarudia, nikakaa. Kila nikishuka nyayo hazijui zimegusa ardhi mpaka nitazame. Nilijua kitu kimoja tu: sijamaliza ugonjwa mpaka nimejua kama kubwa imekwenda moja kwa moja au bado ipo.

Siku niliyosema "Leo kubwa," Mzee Ndahani alikataa. Nilimwomba. Akakataa. Nikamwambia nitafanya akiwa amelala. Akaikaza kamba, akamwita Mtemi, naye akarefusha hatua.

Mara ya kwanza nilinyanyuka, nikashuka vizuri. Ya pili, vizuri. Ya tatu kushoto ikanivuta, mwili wangu ukaogopa, magoti yakabana, na nilijua kabla sijaondoka kwamba nimeondoka. Nilianguka kwa bega. Vumbi likaingia puani. Nilipojaribu kuinuka mikono ilikuwa inatetemeka kama ile ya wodini, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu nilazwe, nilikata tamaa. Nakuandikia ujue kwamba siku hiyo ipo, na haiji pale unapoitegemea.

"Basi, mwanangu," Mzee Ndahani alisema, tena kwa sauti ile ya hospitali. Alianza kufungua mkanda wa tandiko. "Basi. Tumejaribu."

"Unafungua nini?"

Ilikuwa sauti ya mama. Alikuwa amesimama kwenye uzio wa miiba, jembe begani, kikapu mkononi. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Aliweka vitu vyake chini, akaingia, akanipangusa vumbi usoni kwa kanga, kwa nguvu, kama nilivyopanguswa nikiwa mtoto kabla ya kanisa. Akanishika mikono yote miwili, akaisubiri. Ilichukua muda. Alipoona imetulia akamgeukia Mzee Ndahani, mtu ambaye hakumsemesha tangu ile siku ya wodini.

"Mkwe," alisema, "mbona unamvua farasi tandiko? Mpandishe mwanangu."

"Mama Kabula, ataanguka tena."

"Ameshaanguka. Mpandishe."

Aliishika ngazi yeye mwenyewe. Kisha akasogea akasimama karibu na ule uzio wa miiba, mbele kabisa ya njia ya Mtemi, pale macho yangu yatakapoangalia. Nikatazama kati ya masikio ya farasi, nikamwona amejifunga kanga kiunoni, ameshika kiuno.

Mtemi akatia kubwa. Kushoto ikaniita. Nikashika manyoya ya shingoni mwake kwa mkono mmoja, kitu ambacho zamani ningeona aibu kukifanya, nikaiacha dunia iiname inavyotaka na mimi nikaendelea kumwangalia mama. Nikapanda. Nikashuka. Nikapanda. Kiuno kilijibu kwa kuchelewa, kama mtu anayeitwa kutoka chumba cha ndani, lakini kilijibu. Tulimfikia mama, Mtemi akapunguza mwendo mwenyewe, akasimama, nami bado niko juu.

Mama alikuwa analia bila kujifuta.

"Umetosheka?" aliniuliza.

"Bado," nikamwambia.

Akamshika Mtemi hatamu, mkono unaogopa, akamgeuza aelekee tulikotoka.